Mgeni Rasmi Atusamehe, Sisi Tunacheza Mchezo

Nimechoka na mgeni rasmi. Naanza na hilo ili msije mkasema sikuwaambia mapema.

Miaka miwili iliyopita nilialikwa kwenye kongamano la waandishi wanawake katika hoteli moja hapa Dar es Salaam. Sitaitaja hoteli wala walioandaa, kwa sababu kosa si lao peke yao. Makongamano mengi niliyokwenda kuripoti kabla ya hilo yalikuwa hivyohivyo. Ratiba ilisema saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi aliingia saa tano na nusu. Mwanaume. Tukasimama, tukakaa, tukasimama tena. Akasoma hotuba ambayo ilionekana wazi anakutana nayo palepale, akatuhimiza "akinamama tuthubutu", akapigwa picha, akapewa kinyago, akaondoka na nusu ya waandishi wa habari. Ikaja chai. Ikaja mada kuhusu fursa. Ikaja mada kuhusu changamoto, ambayo ilikuwa ileile ya fursa iliyobadilishwa kichwa. Ilipofika zamu ya washiriki kusoma kazi zao, mshereheshaji akasema muda umetutupa mkono, kwa hiyo tuchague wawili tu, dakika tano tano.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo aliyetoka Mbagala na kauntabuku lililofungwa kwa raba, zile za kufungia noti. Hakuchaguliwa. Akaniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, hivi hapa tunasomaga saa ngapi?" Nikamwambia tumeshamaliza. Akarudisha kauntabuku kwenye kikapu, akala wali wake, akasaini karatasi ya nauli, akaenda zake. Sijamwona tena.

Mimi nilirudi ofisini nikaandika habari. Kichwa chake kilikuwa na cheo cha mgeni rasmi na neno "awataka". Si ndivyo tunavyoandika? Fulani awataka wanawake. Mama wa kauntabuku hakuwemo hata kwenye aya ya mwisho. Kwa hiyo katika lawama ninazozitoa leo, na mimi nina fungu langu.

Ninachosema ni hiki. Mikutano ya waandishi wanawake katika jiji hili inakufa kwa sababu tumeiga semina, wakati wanawake wa jiji hili wana namna yao ya kukutana, imeshapimwa miaka na miaka, na haidai hoteli, bango wala bahasha. Namna hiyo ni mchezo. Upatu. Tukitaka wanawake waandike, na wakishaanza wamalize, tukutane kama tunavyocheza upatu. Na tukutane Kariakoo.

Kijumbe hana kipaza sauti

Pita Mtaa wa Kongo asubuhi kabla jua halijakaza. Katikati ya machinga wanaopanga viatu chini na makuli wanaopiga kelele upishe mzigo, utamwona mwanamke anapita fremu hadi fremu na daftari dogo. Haongei sana. Anapokea elfu tano, anaweka alama, anasogea. Huyo ni kijumbe. Anajua nani kalipa, nani kaumwa, nani ana msiba, na nani anajifanya ana msiba. Zamu inajulikana tangu siku ya kwanza. Anayepokea leo ataendelea kutoa kesho, kwa sababu aibu ya kuukimbia mchezo ni kubwa kuliko deni lenyewe.

Msomaji, mchezo unaujua, pengine wewe mwenyewe unadaiwa wa wiki hii. Nakuomba tu uutazame upya kama chombo cha kukutania watu. Hauna ukumbi. Hauna mfadhili. Umeishi kwenye Ujamaa, ukaishi kwenye ruksa, ukavuka ubinafsishaji, na sasa umehamia kwenye simu. Sijawahi kusikia mchezo uliofunguliwa na mgeni rasmi. Sasa linganisha na "mitandao ya waandishi wanawake" niliyoiona ikizinduliwa kwa keki na fulana, halafu ukiuliza mwaka unaofuata unaambiwa mradi uliisha. Mradi! Tangu lini kuandika kukawa na tarehe ya mradi kuisha?

Waandishi gani hao wa Kariakoo?

Nimeulizwa swali hili na mtu niliyesoma naye Mlimani, tena kwa kicheko. Nikampeleka.

Kuna dada anauza vitenge, fremu ya kupanga, kona ambayo sitaisema. Kati ya mteja na mteja anaandika simulizi kwenye simu kwa kidole gumba. Sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, anazituma kwenye makundi ya WhatsApp. Sehemu chache za mwanzo ni bure. Ukitaka mwisho unatuma elfu moja kwa simu. Aliwahi kuumwa malaria siku mbili, wasomaji wakamporomoshea matusi kwa sauti, eti kamwacha mhusika wao chumba cha upasuaji wakati yeye yuko nyumbani anakula uji. Mimi na shahada yangu, miaka yote hii gazetini, sijawahi kutukanwa na msomaji kwa kuchelewa. Hakuna aliyegundua nimechelewa.

Dada huyu hajawahi kujiita mwandishi. Ukimwuliza anafanya kazi gani, anasema "nauza vitenge". Na sisi tulioelimika tumemsaidia kuamini hivyo. Tunasema hizo ni "stori za mapenzi za WhatsApp", tunasema lugha imechafuka, tunasema siyo fasihi. Ni maneno yaleyale waliyoambiwa akina Elvis Musiba na Ben Mtobwa walipokuwa wakiuza riwaya zao kama maandazi ya moto. Leo tunawaandikia tasnifu. Tofauti ni kwamba wale walikuwa wanaume, na angalau walikuwa na kijiwe cha kukaa wakabishana.

Anachokosa si kipaji, na nidhamu anayo kuliko mimi. Anakosa mtu wa kumsoma kutoka mwanzo hadi mwisho na kumwambia, "Dada, huyu mjomba ulimwua sehemu ya saba, mbona kaja harusini sehemu ya ishirini?" Anakosa mtu wa kumwambia cha kufanya simulizi yake inapochukuliwa, jina lake likafutwa, likawekwa la mwingine, na hilo limemkuta mara tatu. Hakujua kwamba ipo ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ambako angeweza kusajili kazi zake. Hakujua kwamba namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, wala haihitaji kwanza uwe na rafiki mchapishaji. Hayo yalielezwa vizuri sana kwenye lile kongamano la hotelini, kwenye mada ya fursa. Yeye alikuwa dukani.

Kabla yetu walikaa

Anayedhani wanawake wa mitaa hii hawawezi jambo zito bila ukumbi wenye kiyoyozi, amkumbuke Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 TANU ilikuwa na mwaka mmoja tu, imezaliwa 7 Julai 1954, na wanachama wake karibu wote wanaume. Bibi Titi alikuwa mwanamke wa Dar es Salaam mwenye miaka 29, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Alipopewa kazi ya kuingiza wanawake kwenye chama hakuitisha semina. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, wenye watu wao tayari, wenye utaratibu wao wa kuitana. Katika muda wa miezi michache wanawake kwa maelfu walikuwa na kadi. Susan Geiger, aliyewahoji wanawake wale na kuchapisha kitabu chake mwaka 1997, anaonyesha kwamba wengi hawakuwa wasomi: walikuwa waswahili wa mjini, wauza vitumbua, wapika pombe, watu wa ngoma. Nchi ilianza kudaiwa kwenye mikusanyiko ambayo wasomi wangeiita ya starehe.

Sasa tembea kutoka sokoni, pita Lumumba, vuka viwanja vya Mnazi Mmoja, utatokea kwenye Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kwenye barabara hiyohiyo ipo Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere 9 Desemba 1967. Nikipita pale huwa najiuliza: jina la mwanamke aliyejua kukusanya wanawake liko kwenye kibao cha barabara, vitabu viko ndani ya jengo, na wanawake wenye miswada kwenye vikapu wanapita nje wanawahi mwendokasi. Vitu vitatu viko jirani na havisalimiani.

Kuna mfano mwingine. Mwaka 1987 wanahabari wanawake wachache wa nchi hii waliunda chama chao, TAMWA, na mwaka uliofuata wakatoa jarida. Waliliita Sauti ya Siti. Siti ni Siti binti Saad wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, mwanamke ambaye hakusoma shule. Maisha yake tunayajua kwa kalamu ya Shaaban Robert. Tunamshukuru marehemu, kitabu ni kizuri. Lakini nauliza: Siti alizungukwa na watu wangapi waliojua kuandika, na kati yao wangapi walikuwa wanawake waliokaa naye chini wakamwambia, "Bibi, sema mwenyewe, sisi tunaandika"? Kila ninapomwona mwanamke mwenye simulizi yake kichwani na hana pa kukaa, namwona Siti anayesubiri mwanaume mwema aje amwandike. Wanaume wema wapo. Shaaban Robert ni mmoja tu.

Na kama mnataka mfano wa karibu wa waandishi hasa, tazameni Kampala. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda, kilianzishwa miaka ya katikati ya 1990, Mary Karooro Okurut akiwa mbele. Wana nyumba yao Kamwokya, Barabara ya Kira, na wana Jumatatu. Kila Jumatatu jioni watu wanakaa, mtu anasoma kazi ambayo haijakamilika, wenzake wanaichambua. Katika watu waliokaa kwenye mikeka ile yumo Monica Arac de Nyeko, aliyeshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Watu wanapenda kuitaja tuzo. Mimi napenda kuitaja Jumatatu. Tuzo ni siku moja, Jumatatu ni miaka.

Tulivyokosea, tulivyopatia

Nisije nikaonekana mhubiri wa jangwani. Kundi lipo. Halina jina, halina usajili, halina ukurasa. Tunakutana kwenye chumba cha fundi cherehani, ghorofani, mitaa ya karibu na Sikukuu. Tulianza watu sita. Siku nzuri tunafika 14.

Mwanzoni nilikosea kila kitu. Nilipanga Jumamosi saa nane mchana, kwa sababu mimi Jumamosi niko huru. Akaja mtu mmoja. Jamani, Jumamosi Kariakoo! Siku ambayo mtu anauza anachokula wiki nzima, mimi namwita asikilize shairi. Nikahamisha iwe Jumatano saa kumi na mbili jioni. Wakaja watatu, macho kwenye saa, maana giza likiingia foleni ya mwendokasi Gerezani haina huruma, na nyumbani kuna mtu anauliza ulikuwa wapi. Ndipo mwenye chumba, fundi mwenyewe, akaniambia kama anayemwelekeza mtoto: "Dada, Jumapili. Saa tisa hadi saa kumi na moja. Aliyekwenda kanisani karudi, kapika, kala. Maghribi haijafika. Maduka mengi yamefungwa. Mbona hukuuliza?" Sikuuliza kwa sababu nilisoma chuo kikuu.

Utaratibu wetu ni huu, na yeyote auchukue, hauna hakimiliki. Simu zinaingia kwenye kapu. Anayesoma ana dakika 15 na hakatizwi, hata akilia, hata akikosea. Anayetoa maoni anaanza kwa kutaja sentensi moja aliyoikumbuka. Kama hakukumbuka hata moja, anyamaze asikilize wenzake. Watoto wanakuja, wanakaa kwenye jamvi na vipande vya vitambaa. Hakuna anayeruhusiwa kusahihisha Kiswahili cha mwenzake kwa lafudhi ya bara, pwani au Bongo Fleva mpaka hadithi yenyewe iwe imejadiliwa kwanza. Chai ni zamu.

Na pesa. Kila anayehudhuria anatoa elfu tano, tukiwa 14 ni elfu sabini. Fungu lote linakwenda kwa mmoja, kwa zamu, kwa ajili ya muswada wake: kuchapiwa steshenari, kutoa nakala, bando, nauli ya kufuatilia usajili. Kijumbe wetu ni mama mwenye genge la viungo ambaye haandiki kabisa. Alikuja kumsindikiza binti yake akabaki. Anasema sisi tunaoandika hatufai kushika pesa, na tumeona ana haki.

Kuna mwenzetu alipokea fungu akalipa ada ya mtoto. Kelele zikawa nyingi. Wengine wakasema atolewe. Kijumbe akamsikiliza, halafu akasema: "Ada ni ada. Pesa tumekusamehe. Sura mbili ulizoahidi hatujakusamehe." Akapewa wiki tatu. Alileta sura tatu. Nionyesheni mfadhili anayeweza kutoa hukumu kama ile.

Picha

Sasa niseme jambo ambalo sipendi kulisema.

Mwezi wa tano wa kundi letu kulikuwa na mwenzetu akisoma simulizi ya familia: baba kafariki, nyumba imebaki, kaka wanaiuza na dada hawaambiwi. Kila mtu mle chumbani alijua ile si hadithi ya kubuni. Alisoma vizuri siku ile, chumba kimetulia hadi cherehani zilionekana zinasikiliza. Na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikatoa simu kwenye kapu, nikampiga picha. Jioni nikaiweka kwenye status yangu na maneno ya kumsifia, nikataja na habari ya nyumba. Nilitaka watu waone. Nilitaka, niseme ukweli, waone kwamba nina kundi.

Kesho yake asubuhi kaka yake alikuwa mlangoni kwa fremu yake.

Sitaeleza yaliyofuata, si yangu kuyaeleza. Hakuja kwa miezi minne. Nilikwenda kuomba radhi, akanipokea kwa heshima, akanipa kiti na soda, hakunijibu. Baadaye akaanza kumpa kijumbe kurasa zake ziletwe na kusomwa na mtu mwingine, kwa sharti moja: mwandishi wa habari asiwepo. Kwa hiyo sura yake inaposomwa mimi natoka, nakaa kwenye ngazi, nawasikia wanacheka, nawasikia wananyamaza, sijui kwa nini. Na hadi leo ni hivyo. Nimeikubali adhabu, ni ya haki.

Lakini nimejifunza kitu, nacho ndicho kinachonifanya niandike kwa hasira. Picha ndiyo roho ya kongamano. Bango ni kwa ajili ya picha, mgeni rasmi ni kwa ajili ya picha, fulana ni kwa ajili ya picha, na picha inakwenda kwenye ripoti ya mfadhili kuthibitisha kwamba wanawake "wamefikiwa". Hakuna anayeuliza mwanamke huyo akirudi nyumbani picha ile inamkuta na nani. Mwanamke anayeandika kweli, si wa hotuba, anaandika kuhusu nyumba zilizouzwa, waume wanaopiga, wajomba, wachungaji, mashehe, mabosi. Kazi yetu ya kwanza tunaoandaa mikusanyiko ni kumpa chumba ambamo anaweza kuyasoma hayo na kurudi nyumbani salama. Mengine yote yaje baadaye, na kama chumba hicho hatuna, basi tusimwite.

Majibu kwa wanaosema

Wapo wanaosema: kwa nini wanawake peke yao, huo si ubaguzi? Ndugu zangu, vijiwe vyenu vya kahawa mmekaa peke yenu tangu babu zenu, na hakuna aliyewaandikia makala. Mimi sina ugomvi na kijiwe. Nasema tu kwamba simulizi ya nyumba isingesomwa kama kaka wa mtu mwingine angekuwa amekaa pale anakunywa chai.

Wapo wanaosema: viwango je? Mtazalisha uchafu. Nawakumbusha kwamba Penzi la Damu ya Anna Samwel Manyanza ilishinda Tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2015, mwaka wa kwanza wa tuzo hiyo, na kwamba sasa tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere inayotolewa tangu 2023. Milango ipo. Lakini muswada hauendi kwenye tuzo kutoka kichwani. Unapita kwanza kwa mtu wa pili, wa tatu, anayesema "hapa sikuelewa". Kiwango hakishuki kutoka juu kwenye kamati. Kinapanda ngazi za fundi cherehani, rasimu baada ya rasimu.

Wapo wanaosema: mbona Soma ipo? Ipo, na Mungu awape nguvu. Soma Book Café pale Regent Estate, kazi ya Demere Kitunga na wenzake, imenilea hata mimi. Lakini Mikocheni ni Mikocheni, na jiji hili kwa sensa ya 2022 lina watu zaidi ya milioni 5.3. Nyumba moja haiwezi kulea jiji. Tunahitaji vyumba vingi, vidogo, visivyojulikana sana: Buguruni kimoja, Manzese kimoja, Temeke viwili, Mbagala kimoja kwa ajili ya mama wa kauntabuku.

Na wapo wanaosema WhatsApp inatosha. Haitoshi. WhatsApp ina wasomaji, haina jamvi. Kwenye simu hakuna anayekuona umefika mahali unasoma sauti ikakukwama.

Nguzo ya Patata

Wenzangu wanaopenda kutuonya wananitajia Nguzo Mama ya Penina Muhando, tamthilia iliyotoka mwaka 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo na hawaiwezi. Mizigo ya nyumbani inawavuta, na wao kwa wao wanavutana. "Mwaona? Wanawake hawapatani." Nimeisoma tena mwaka huu na nadhani wanaosema hivyo waliisoma wakiwa na haraka ya kufurahi. Muhando hakusema nguzo haisimamishiki. Alionyesha, bila kutubembeleza, ni nini kinawaondoa wanawake kwenye kamba mmoja mmoja: mume, njaa, msiba, umbea, pesa ya pamoja. Ile ni orodha ya kazi. Kundi lolote la waandishi wanawake ambalo halijapanga litafanya nini na kila jambo katika orodha hiyo litaanguka, hata kama limezinduliwa na waziri.

Sisi tumepanga hivi. Mume: tunamaliza saa kumi na moja. Njaa: chai ya zamu. Msiba: zamu inasogea, haifutwi. Pesa: kijumbe asiyeandika. Umbea: hapo bado tunajifunza, na mwanafunzi mzito kuliko wote ni mimi.

Kwa hiyo sina ombi kwa mgeni rasmi isipokuwa atusamehe, Jumapili hii tuna kazi. Kwa wenye majengo ya umma nina ombi moja: chumba kimoja, alasiri moja kwa wiki, bila barua tatu na mihuri miwili. Tuliwahi kuomba mahali, ofisi sitaitaja, tukaulizwa mgeni rasmi wetu ni nani.

Na kwako dada unayesoma hii umejificha jikoni, au dukani kati ya mteja na mteja: huhitaji kututafuta sisi. Chumba chetu kimejaa. Tafuta wanne. Mmoja asiwe mwandishi, huyo mpe daftari la pesa. Uliza kwanza siku gani wamefunga kazi, usipange kwa saa yako. Simu ziingie kwenye kapu, na ya kwako iwe ya kwanza. Halafu atakayefika wa mwisho, hata kama amechelewa saa nzima, hata kama kauntabuku lake limefungwa kwa raba, mwulize kabla hajakaa: umekuja na kurasa ngapi?